Mpiga ridhimu: mtu wa nyuma anayeibeba bendi, kutoka Kinshasa hadi Nakivale

Jumapili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, muziki huanza mapema. Makanisa ya Wakongo yaliyotapakaa eneo la Base Camp na vijiji vya jirani hufungulia spika jua likiwa bado la upole, na kwaya inapofika kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza, wimbo wa kuabudu hugeuka dansi kamili. Hapo vijana husogea mbele kumtazama mpiga solo. Kila vidole vyake vinapopanda shingo ya gitaa, mayowe nayo hupanda. Nyuma yake kidogo yupo mwenzake mwenye gitaa la pili, ambaye tangu wimbo uanze amekuwa akizungusha kipande kilekile kifupi, bila kukiongeza wala kukipunguza. Huyo hashangiliwi na mtu.

Makala hii ni yake. Wakongo humwita akompa. Katika bendi za Dar es Salaam na Nairobi anajulikana kama mpiga ridhimu. Kazi yake ni bugali wa muziki wa dansi: hakuna anayeusifu mezani, lakini usipokuwepo hakuna atakayesema amekula. Hata hivyo, ukifuatilia historia ya bendi kubwa za ukanda wetu, na za rock huko ng'ambo, utakuta mara nyingi ni yeye aliyetunga nyimbo, aliyeshika nidhamu, na aliyebaki na kundi siku nyota alipoondoka. Kwa wanamuziki wa Nakivale, ambako kuondoka ni jambo la kila mwezi, historia hiyo ina uzito wa pekee.

Kazi yenyewe

Bendi ya Kikongo iliyokamilika ina magitaa manne: solo, mi-solo, ridhimu na besi. Solo husimulia. Mi-solo hukaa katikati, akimjibu solo na kuziba mapengo. Besi hutembea na dramu. Mpiga ridhimu huchukua sauti tatu zinazoafikiana, huzivunja moja moja, kisha huzizungusha, mara nyingi kati ya Do, Fa na Sol, kwa mpangilio ambao mwanafunzi anaweza kuukariri kwa siku moja.

Ugumu huanza baada ya kukariri. Sebene inaweza kuchukua dakika 5 au 10, na muda wote huo mkono wa kulia hauruhusiwi kwenda mbio wala kuzubaa. Akiharakisha kidogo, wachezaji hupoteza hatua na waimbaji hukosa pumzi. Akichelewa, mpiga solo hukosa pa kukanyaga. Fundi wa kweli hutambulika pia kwa anavyonyamaza, kwa kuwa huacha nafasi ndogo kati ya mapigo ili tumba na besi zisikike. Mwanafunzi hujaza kila nafasi kwa hofu ya kuonekana hafanyi kitu.

Bendi za rock nazo zina mtu huyu. Malcolm Young, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Australia, aliunda AC/DC mjini Sydney mwaka 1973 akiwa na mdogo wake Angus. Angus, mpiga solo, alivaa sare ya mwanafunzi na kurukaruka jukwaani hadi sura yake ikawa nembo ya bendi. Malcolm alisimama nyuma karibu na dramu na kupiga ridhimu. Mwimbaji wao Bon Scott alipofariki Februari 1980, wengi walidhani bendi imekwisha. Mwaka huohuo ilitoa Back in Black, mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi duniani, na jina la Malcolm limo miongoni mwa watunzi wa kila wimbo ndani yake. Alistaafu mwaka 2014 kwa sababu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akafariki mwaka 2017.

Simaro, mshairi wa OK Jazz

Sisi tunaye mkubwa zaidi katika kazi hiyo, na jina lake wazee wa Kikongo hulitamka kwa heshima: Lutumba Simaro. Alizaliwa Machi 19, 1938 katika jiji ambalo leo ni Kinshasa. Akiwa kijana alipitia Micra Jazz na Congo Jazz kabla ya kuingia OK Jazz mwaka 1961. Wakati huo bendi hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na mpiga solo wake alikuwa Franco Luambo Makiadi.

Kumsindikiza Franco kwa gitaa hakukuwa jambo dogo. Franco alipiga kwa nguvu, akirudia vipande vyake kwa ukali uliowafanya watu wacheze wasijue wanachoka. Mtu wa pembeni yake alipaswa kuwa mtulivu, na Simaro alikuwa hivyo. Alikaa kwenye ridhimu zaidi ya miaka 30, huku wapiga solo, waimbaji na wapuliza saksofoni wakiingia na kutoka.

Akiwa hapo nyuma, alikuwa akiandika. Simaro hakujulikana kwa sauti yake. Alitunga, kisha akamtafuta mwimbaji anayeufaa wimbo. Mwaka 1974 alimpa Sam Mangwana wimbo Mabele, unaozungumzia ardhi na kifo, nao ukawa miongoni mwa nyimbo zinazoheshimiwa zaidi katika rumba yote. Miaka kumi baadaye alimpa Carlyto Lassa wimbo Maya. Watu wakampachika jina la Mshairi. Inaelekea kiti chake kilimsaidia. Anayeshika ridhimu husikiliza kila mtu kwa wakati mmoja, na hujua mapema kuliko wengine ni sauti gani itakaa vizuri mahali gani.

Franco alipokuwa akikaa Ulaya kwa muda mrefu katika miaka ya 1980, Simaro, aliyekuwa makamu wake, ndiye aliyeongoza wanamuziki waliobaki Kinshasa. Franco alifariki Oktoba 12, 1989 nchini Ubelgiji, na mzigo wote ukamwangukia mpiga ridhimu. Kundi liliendelea kwa miaka kadhaa hadi palipotokea kutoelewana na familia ya marehemu kuhusu uendeshaji wake. Ndipo Simaro na wenzake, wakiwemo Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum, walipoanzisha Bana OK mwaka 1994. Alifariki Paris Machi 30, 2019, akiwa na miaka 81.

Njia ya Uganda

Muziki huu haukuanza kuvuka mpaka wa Uganda na wakimbizi wa leo. Katika miaka ya 1970 Kampala ilikuwa kituo cha wanamuziki wa Kikongo waliokuwa wakielekea mashariki. Mzee Makassy alikuwa na bendi yake hapo kabla ya kuihamishia Dar es Salaam katikati ya muongo huo, utawala wa Idi Amin ulipozidi kuwa mgumu. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipiga Kampala na kundi la Les Kinois kisha akahamia Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye aliunda Virunga. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, naye alipitia Uganda kabla ya kumfuata Makassy Dar es Salaam mwaka 1978.

Wanaokumbukwa katika orodha hiyo ni waimbaji na viongozi wa bendi. Wapiga ridhimu waliovuka nao majina yao yamebaki kwenye majalada ya sahani za santuri, kwa herufi ndogo, pale yalipoandikwa. Mashabiki wanaweza kuimba kipande cha ridhimu cha wimbo wa zamani mwanzo hadi mwisho wasimjue aliyekipiga.

Nakivale: bendi ya watu wanaoondoka

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea kwanza Watutsi waliokimbia Rwanda. Ni makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote Uganda, yenye eneo la kilomita za mraba 185 hivi kando ya ziwa la jina hilohilo. Leo Wakongo ndio wengi, wakiishi na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Wengi wa Wakongo hao wametoka Kivu Kaskazini na Kivu Kusini kwa mawimbi: baadhi walifika waasi wa M23 walipoinuka mwaka 2012, wengine waliporudi vitani kuanzia mwishoni mwa 2021. Wamekuja na Kiswahili chao, ambacho sasa huwaunganisha majirani wa mataifa mbalimbali sokoni na kanisani.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, na familia hupewa kipande cha ardhi. Kwa mwanamuziki hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa anaweza kulima juma zima na kwenda kupiga muziki mjini mwishoni mwa juma. Lakini hali ya maisha imebana. Mgao wa chakula ulipunguzwa hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha 60 mwaka 2021, na kuanzia 2023 kaya zimegawanywa katika makundi, wanaohesabiwa kujitegemea wakiondolewa kabisa. Nyumba inapochagua kati ya mahindi na nyuzi za gitaa, nyuzi husubiri.

Ndiyo maana kanisa limekuwa shule ya muziki na stoo ya vyombo kwa pamoja. Magitaa, kinanda na amplifaya mara nyingi ni mali ya usharika. Pasipo umeme wa gridi, paneli za sola, betri na jenereta ndizo huamua mazoezi yaende hadi saa ngapi. Mpangilio wa jukwaa ni ule ulioanzishwa na Zaïko Langa Langa, kundi la vijana wa Kinshasa lililozaliwa Desemba 1969 likaacha tarumbeta na saksofoni, likaweka magitaa na dramu mbele. Hata atalaku, yule anayepiga kelele za kuchochea sebene, amehamia kanisani, sasa akiita jina la Bwana.

Tatizo la pekee la bendi za Nakivale ni watu kuondoka. Mpiga solo akisifika, Kampala humwita. Mwimbaji akipata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, Marekani au Kanada, familia nzima hupanda gari, na kwaya hubaki bila sauti ya kwanza. Mwingine hurudi Kongo kutazama shamba asirejee. Kundi linalotegemea nyota mmoja huvunjika pale. Linaloendelea ni lile lenye mtu anayezijua nyimbo zote, anayejua kila mmoja anaingia wapi, na anayeweza kumfundisha mgeni Jumamosi akapige Jumapili. Kwa asili ya kazi yake, mtu huyo aghalabu ni mpiga ridhimu.

Mbarara kunakolipa

Kutoka Base Camp, barabara humfikisha mwanamuziki Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020 na ndiyo kitovu cha biashara cha magharibi mwa Uganda. Huko ndiko kwenye hoteli, baa na studio ndogo, na huko ndiko familia za Wanyankole hufanya sherehe za kuhingira, yaani za kumuaga binti anayeolewa, ambazo huhitaji muziki wa siku nzima. Hadhira ya Mbarara haitaki rumba tupu. Itaomba nyimbo za Kinyankole, za Kiganda, za injili, na pengine wimbo wa Afrigo, bendi ya Kampala inayopiga tangu 1975.

Mbele ya hadhira hiyo mpiga ridhimu hupata kazi haraka kuliko mpiga solo. Mpiga solo wa Kikongo amejenga jina lake kwa mtindo mmoja, na mwenye sherehe hana haja ya dakika kumi za sebene wakati mashangazi wanasubiri hotuba. Anayeweza kumsikiliza mwimbaji asiyemjua, akashika ufunguo wake na kumsindikiza wimbo mzima, ataitwa tena wiki ijayo. Kiswahili chake humsaidia kidogo mjini. Masikio yake humsaidia zaidi.

Penye malipo ndipo penye dhuluma pia. Katika bendi nyingi za mitaani mwimbaji na mpiga solo huchukua fungu kubwa, kwa hoja kwamba ndio waliovuta watu. Wimbo ukirekodiwa na kuwekwa YouTube, jina linaloonekana ni la mwimbaji. Akompa aliyetafuta mpangilio wa sauti, na mara nyingine aliyetunga wimbo wenyewe, hatajwi. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, lakini ni vigumu sheria kumlinda mtunzi ambaye hakuandikwa popote kuwa mtunzi.

Viongozi wa kwaya na bendi za Nakivale wanaweza kulianza hilo wenyewe, bila kusubiri mfadhili. Kila wimbo mpya uandikwe daftarini: nani katunga, nani kapiga nini, tarehe gani. Mgawo wa fedha za sherehe usemwe kabla ya kupanda taksi ya kwenda mjini. Na kijana anayeanza gitaa awekwe kwenye ridhimu kwanza, akae hapo hadi aweze kushika sebene nzima bila kuyumba. Hata akihama kesho, ujuzi huo atapata pa kuutumia Kampala, Nairobi au Ohio, kwa kuwa waimbaji wako kila mji na wote wanatafuta mtu wa kuwasindikiza.

Atakayeona kwamba anapewa kiti cha wasioweza, asimuliwe habari za Simaro. Huyo alikikalia kwa hiari, na kundi lililomtambulisha Franco kwa ulimwengu lilipompoteza Franco, lilimgeukia yeye.