Kurudi Nyumbani Kutoka Uarabuni

Mkataba wa kazi za nyumbani Saudi Arabia kwa kawaida ni wa miaka 2, muda unaotosha mtoto aliyeachwa Kilifi angali mchanga kumzoea nyanya yake na kumwita mama. Mama mzazi akirudi, mtoto humkimbia akajificha nyuma ya leso ya nyanya. Huo si utovu wa adabu: sauti ya simuni haina harufu wala mapaja ya kupakatwa. Kumchukua kwa pupa huwaumiza wote watatu. Afadhali wanawake hao wawili walee pamoja kwanza. Pesa nazo zina mtihani wake. Mshahara umekatika, maombi ya ndugu hayajapungua. Na mume, kama bado yupo, ameshazoea kuamua peke yake.