Kalamu Mahali pa Kipanya

Hapa Buhehe hakuna asiyeijua kazi ya mfinyanzi. Vidole vyake hubonyeza huku na kuinua kule, mpaka chungu kitokee. Siku hizi kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa ndani ya kompyuta kwa programu kama Blender, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 2002, nayo hailipiwi hata senti moja. Lakini wengi wetu twafinyanga kwa kipanya, na kutumia kipanya kwa kazi hiyo ni sawa na kufinyanga kwa ngumi. Baada ya saa mbili kiwiko na kifundo cha mkono vyauma.

Kiko chombo kingine, nacho ni kibao cha kalamu. Kipanya cha kwanza cha Engelbart, chenye mwili wa mbao, na kibao cha shirika la RAND vyote vilitokea Marekani mwaka 1964. Basi ni watu wa rika moja, ila mmoja alienea dunia nzima na mwenziwe akabaki kwa wachoraji.

Mwenzetu mmoja alipata kibao kilichokwisha tumika. Siku ya tatu akakifungia sandukuni, akisema hakifai. Kumbe chombo hakikuwa na kosa. Kilikuwa hakijapangwa kumfaa mtumiaji. Msomaji, ukipata bahati kama yake, fanya kwanza mambo haya matano.

Kwanza, panga eneo. Kipanya waweza kukiinua na kukiweka popote, lakini kila mahali pa kibao pana mahali pake kwenye kioo cha kompyuta. Weka sarafu juu ya kibao, uizungushie kalamu. Likitokea yai badala ya duara, eneo la kibao halilingani na kioo. Lipunguze upande mmoja mpaka duara litimie.

Pili, vitufe vya kalamu. Katika Blender, kitufe cha kati cha kipanya ndicho kinachogeuza mtazamo ili uone umbo pande zote. Basi agiza kitufe cha chini cha kalamu kifanye kazi hiyo, na cha juu kiwe kitufe cha kulia. Ukishikilia Shift pamoja na kitufe cha kati, mtazamo utasogea kando. Ukishikilia Ctrl, utakaribia au kwenda mbali. Kama kalamu yako haina vitufe vya kutosha, washa katika mapendeleo ya Blender ule mpango wa kuiga kipanya cha vitufe vitatu. Hapo Alt pamoja na ncha ya kalamu vitatosha.

Tatu, vitufe vya kibao chenyewe. Vipe Shift, Ctrl, Alt na amri ya kutangua kosa. Hivyo mkono mmoja utashika kalamu na wa pili utaamuru. Atumiaye mkono wa kushoto akigeuze kibao, kisha abadili mwelekeo wake katika mipango.

Nne, watumiao Windows wazime ile desturi ya kuhesabu kugandamiza kwa muda kuwa ni kitufe cha kulia. Isipozimwa, kalamu husitasita kila unapotaka kuvuta kitu.

Tano, uzito wa mkono. Vibao vingi vya leo hutambua ngazi 8192 za mgandamizo. Katika kuchonga, ukigandamiza sana, udongo wa kompyuta hubonyea sana. Ukigusa kidogo, hubonyea kidogo. Fanya ncha iwe ngumu kiasi, isije ikabofya kwa kuguswa tu.

Hata hivyo usikitupe kipanya. Kwa kazi ya vipimo, mathalani kuchora kiti ambacho seremala atakikata kwa sentimita, kuandika tarakimu kwa kibodi kwapita kalamu na kipanya pia. Kalamu yashinda penye mikunjo: uso wa mtu, kibuyu, shingo ya mtungi. Tena si lazima kununua kibao kikubwa, kwani kidogo huupunguzia mkono safari.

Mwisho, jipe majuma mawili. Siku za kwanza utakosa shabaha, kwa maana jicho liko kwenye kioo na mkono uko mezani. Mfinyanzi naye hakuujua udongo kwa siku tatu.