Vitabu Vilivyowaliwaza Wafungwa wa Robben Island

Tarehe 16 Desemba 1977, katika gereza la Robben Island, Nelson Mandela alishika kitabu kinene chenye tamthilia na mashairi yote ya William Shakespeare. Mwenye kitabu alikuwa amewaomba wenzake wachague maneno yaliyowagusa kuliko yote, kisha watie saini pembeni. Mandela akaufungua mchezo wa Julius Caesar, mahali ambapo Kaizari anamjibu mkewe aliyemsihi asitoke nyumbani, akimweleza kwa nini kifo hakimtishi. Hapo ndipo alipoandika jina lake na tarehe. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 16 tangu kuzinduliwa kwa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ukombozi aliloshiriki kuliasisi.

Kitabu kilikuwa cha Sonny Venkatrathnam, mfungwa wa kisiasa aliyeletewa na mkewe. Ili askari wa gereza wasimpokonye, alilibandika jalada lake kadi za rangi za sikukuu ya Diwali, zenye picha za miungu ya Kihindu, na alipoulizwa akajibu kwamba ni msahafu wake. Wakamwachia. Kikapita mkono kwa mkono, na zaidi ya wafungwa 30 wakatia saini zao humo. Mwaka 2012 kitabu hicho kilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London.

Kila saini ina habari yake. Walter Sisulu alichagua maneno ya Shylock katika The Merchant of Venice, pale Myahudi huyo anapokumbusha matusi aliyoyavumilia miaka nenda miaka rudi. Billy Nair alikwenda kwenye The Tempest, kwa Caliban anayelalamika kwamba kisiwa ni chake na amenyang'anywa. Mtu aliyefungwa kisiwani anasoma kilio cha mtu aliyeporwa kisiwa. Hakuhitaji mwalimu wa fasihi kumfafanulia.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyafikia maneno waliyoyachagua Mandela na Sisulu katika lugha yake mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alizitafsiri tamthilia zote mbili: ya kwanza ilitoka mwaka 1963, ikachapwa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi changa, aliyezongwa na kazi kila upande, alitenga muda wa kukaa na Shakespeare.

Ili kuelewa kitabu kilikuwa na thamani gani pale kisiwani, ni lazima kuyajua maisha yenyewe. Mandela alifikishwa huko mwaka 1964 akiwa na kifungo cha maisha. Mwanzoni aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja tu kila baada ya miezi sita. Kwa miaka 13 yeye na wenzake walichimba chokaa katika machimbo yenye mng'ao mkali uliowaharibu macho. Magazeti yalipigwa marufuku hadi mwaka 1980. Saa mbili usiku amri ya kulala ilitolewa, ingawa taa ya kila chumba iliwaka usiku kucha. Waliojiandikisha kusoma shahada kwa njia ya posta waliruhusiwa kukesha na vitabu vyao hadi saa nne au saa tano.

Hata hivyo vitabu vyenyewe vilichujwa. Mandela anasimulia katika tawasifu yake kwamba ombi la kitabu chenye neno "nyekundu" katika jina lake lilikataliwa, kwa kuwa wakubwa wa gereza walinusa ukomunisti humo. Riwaya ya H. G. Wells kuhusu viumbe wa sayari ya Mars nayo ilikataliwa, kwa sababu jina lake lilitaja vita.

Kisha likatokea jambo ambalo wasimamizi hao hawakulitarajia. Mandela alikuwa ameandika kumbukumbu zake kwa siri na mswada ukafukiwa uani. Ulipogunduliwa mwaka 1977, yeye, Sisulu na Ahmed Kathrada walifutiwa ruhusa ya masomo. Mandela aliikosa kwa miaka minne. Vitabu vya sheria alivyozoea kuviinamia usiku vikaondoka mezani. Badala yake akaanza kusoma riwaya: kazi za Nadine Gordimer zilizokuwa hazijapigwa marufuku, The Grapes of Wrath ya John Steinbeck, na Vita na Amani ya Leo Tolstoy, ambayo ilipenya ingawa nayo ilitaja vita. Hiyo ya mwisho aliirudia mara nyingi. Alimpenda mle jemadari Kutuzov, mzee aliyewafahamu watu wake na asiyepigana kwa ajili ya kujionyesha. Mandela mwenyewe aliiona adhabu ile kuwa na faida isiyokusudiwa.

Kuhusu mwandishi mwingine aliyemsoma gerezani, Mnigeria Chinua Achebe, Mandela alisema kwamba akiwa pamoja na mwandishi huyo, kuta za jela zilianguka.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Wafungwa hawa hawakutafuta vitabu vya kuwapumbaza wasahau walipo. Shylock anatukanwa, Caliban anaporwa, Kaizari anauawa, na wakulima wa Steinbeck wanafukuzwa mashambani. Faraja yao ilitoka kwa binadamu wengine waliokwishapita kwenye shida kama zao na wakapata maneno ya kuzielezea. Kathrada alinakili sentensi kama hizo katika madaftari aliyoyaficha, zikawa akiba yake kwa miaka mingi.

Afrika Mashariki, wengi wamekutana na vitabu kwa njia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Riwaya huingia darasani ikiwa imeandamana na mtihani, na swali lake linajulikana: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Siku ya mtihani ikipita, kitabu huuzwa au hugawiwa mdogo mtu, na kwa wengi safari ya kusoma huishia hapo. Ni hasara kubwa. Siku Njema ya Ken Walibora iliwahi kutahiniwa Kenya, lakini Kongowea Mswahili, kijana anayetoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba yake, hakubuniwa kwa ajili ya alama. Mtu mzima aliyekua bila baba akimrudia leo atasoma kitabu kingine kabisa.

Na rafu za Kiswahili si tupu. Achebe yumo, katika Shujaa Okonkwo iliyotafsiriwa na Clement Ndulute. Abdulrazak Gurnah yumo tangu mwaka 2022, katika Peponi ya Ida Hadjivayanis. Imo pia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika kwenye karatasi za chooni alipofungwa nchini Kenya kwa miaka mitatu kuanzia 1969.

Nyumba za kusomea zipo pia, japo hazitoshi. Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Nchini Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Waliobuni mpango huo waliamini kwamba mtoto anayehama na mifugo naye anastahili hadithi, na waliamini sawasawa.

Basi msomaji aliyemaliza mitihani yake zamani aende maktaba iliyo karibu naye wiki hii, aazime riwaya moja au diwani moja isiyomhusu kazini wala darasani, aisome taratibu. Ikimfaa, amsomee mtu wa nyumbani kwake kurasa chache kwa sauti.