Bia, nepi na meneja wa duka: kweli au si kweli?

*Data ilifichua kuwa bia na nepi hununuliwa pamoja, duka likazipanga pamoja, mauzo yakapaa.*

Nusu kweli. Mwaka 1992 wachambuzi wa kampuni ya Teradata, wakiongozwa na Thomas Blischok, walipekua vikapu vya manunuzi takriban milioni 1.2 kutoka maduka 25 hivi ya Osco Drug, Marekani. Waliona kwamba kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku bidhaa hizo mbili huandamana. Lakini Osco hawakuzisogeza karibu. Kisa hiki kinaposimuliwa kama hapo juu, meneja hutoweka, kana kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua.

*Bila hisabati ya juu, meneja hana lake katika uchimbaji data, yaani kusaka mienendo ndani ya rekodi nyingi.*

Si kweli. Apriori, kanuni maarufu ya kutafuta bidhaa zinazonunuliwa pamoja, ilichapishwa na Rakesh Agrawal na Ramakrishnan Srikant wa IBM mwaka 1994. Kiini chake ni kuhesabu: bidhaa hii imo katika risiti ngapi, na ile, na zote mbili kwa pamoja? Mwenye duka anaielewa kabla chai haijapoa.

*Asilimia kubwa ni ushahidi mkubwa.*

Si kweli, na hapa ndipo fedha hupotea. Tuseme una risiti 1,000. Mishumaa imo katika 100, na kati ya hizo, 80 zina mkate pia. Asilimia 80! Unatamani kupanga mkate kando ya mishumaa kesho asubuhi. Sasa hesabu mkate peke yake: umo katika risiti 800 kati ya zile 1,000. Asilimia 80 vilevile. Mshumaa haukuongeza chochote. Watu hununua mkate tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mfumo wa kumsaidia meneja kuamua umwonyeshe namba zote mbili, bega kwa bega, kwa maneno ya dukani. Kumpa ile ya kwanza pekee ni kumpotosha.

*Haya ni mambo ya ng'ambo.*

Si kweli. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipozinduliwa Kenya Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, kiwango cha mkopo kilikadiriwa kwa kutazama jinsi mteja anavyotumia simu na M-Pesa. Mteja anayenyimwa mkopo kwa njia kama hiyo anastahili kuelezwa sababu. Kwa hiyo mti wa maamuzi, yaani mfululizo wa maswali ambao ofisa anaweza kuusoma tawi kwa tawi, una thamani kubwa hata pale unapozidiwa kidogo kwa usahihi na mbinu nyingine.

*Kazi ya uchimbaji data huanza kwa kufungua data.*

Si kweli. CRISP-DM, mwongozo wa kazi hii uliotolewa mwaka 2000, hatua yake ya kwanza ni kuielewa biashara. Swali kama “kwa nini wateja wa jumla wamepungua Jumamosi?” hutoka kwa anayewauzia.