Nunu wa Park Avenue: kitabu cha kuchekesha, mushahara wa kuliza

Kuko kitabu kimoja cha Marekani, jina lake The Nanny Diaries, kilitoka mwaka 2002. Ni hadisi ya mapendo na ya kuchekesha, juu ya binti mumoja mwenye kutumika kazi ya nunu mu muji wa New York. Filme yake ilitoka mwaka 2007, na Scarlett Johansson njo anacheza ule binti. Pengine batoto ba kwenu waliisha kuiona ku televizio. Watu wengi wanasema ni mambo ya bamama tu. Lakini mutu wa mugodi akikifungua, atatambua vitu vyote: masaa yasiyo na mwisho, primu ya Noeli, kufukuzwa juu ya kulomba konje. Tofauti ni moja: hapa mugodi ni chumba cha mutoto.

Waandishi ni wanawake wawili, Emma McLaughlin na Nicola Kraus. Wote wawili walitumika kazi ya nunu wakati walikuwa wanasoma universite. Ukijumulisha nyumba zote walitumika, zinapita makumi tatu. Kwa hiyo hawakusikia habari kwa jirani. Waliiona na macho yao.

Binti wa kitabu anaitwa Nan. Anasoma namna batoto wanakomaa, na anatafuta feza ya kujisaidia. Anakutana na mama mumoja tajiri mu parke, na kisha kidogo anaanza kumulelea mutoto. Wanaikala ku Park Avenue, barabara ya wenye mali. Kitabu hakitaji jina lao, kinasema tu Bwana X na Madamu X. Sisi wa sendika tunacheka hapo: patroni anaweza kubadili jina mara ngapi, anabaki yule yule.

Mutoto ni Grayer, ana miaka 4. Madamu hatumiki kazi ya mushahara, lakini wakati wa mutoto hana. Bwana iko ku biro ao mu safari, na kuko mwanamuke mwengine anamungojea Chicago. Grayer anatembea na kibahasha kimefungwa ku mwili wake, ndani kuko karte ya kazi ya baba yake. Hataki kuitoa. Mutoto ambaye hamuoni baba yake anajikamatia karatasi yenye jina lake. Ninyi wenye kufanya posti ya usiku, mukirudi batoto wameisha kwenda ku masomo, someni hiyo sehemu polepole.

Kicheko ni kingi. Nan anatumwa kutafuta vitu vya karamu, anapeleka mutoto kila siku ku somo hili na lile, na siku moja Madamu anamuvalisha nguo ya mudoli wa televizio kwa feti ya biro ya Bwana. Kuko pia mapendo: mu ile nyumba ya ghorofa anakutana mu asanseri na kijana muzuri aliyesoma Harvard. Kila mara anakutana naye, yeye iko na mutoto ku mukono na haya ku uso. Jina la yule kijana hatulijui, anaitwa tu H.H. Sitawaambia namna mambo yao inaisha. Wenye kupenda hadisi za mapendo watapata sehemu yao.

Lakini muangalie mushahara. Mbele ya Nan kulikuwa nunu mwengine, Caitlin. Alilomba juma moja ya konje mu mwezi wa nane. Akafukuzwa, na mutoto akabaki kulia. Nan mwenyewe aliahidiwa masaa fulani. Masaa yakaongezeka, hakuna mutu aliyeyaandika. Ikafika Noeli, siku ya primu. Wengine wa nyumba wanapata kitu cha maana. Yeye anafungua zawadi yake: ni kitu cha kufunika masikio juu ya baridi. Ku mwisho, kisha safari ya bahari ambapo alitumika mchana na usiku, cheki anayopewa ni ndogo sana kuliko ile alihesabu ndani ya kichwa.

Mutasema: kwa nini hakuacha? Hapa njo kitabu kinagusa kitu cha kweli. Hakuacha juu ya mutoto. Siku Grayer anagonjwa na homa kali, wazazi hawapatikani, Nan njo anabaki naye usiku. Akienda, mutoto atabaki na nani? Madamu anajua hiyo. Mu mugodi patroni anakushika na njaa ya batoto bako. Ku nunu, patroni anamushika na mapendo ya mutoto wa patroni. Mapendo yake inageuka sababu ya kumulipa kidogo.

Na kuko kitu kingine: nunu anatumika peke yake. Wazee wetu wa Union Minière waligoma mu Desemba 1941, na askari wakawapiga risasi pale Elisabethville. Walilipa bei kubwa, lakini waliweza kusimama sababu walikuwa mu kambi moja, posho ilikuwa moja, wote walijua nani analipwa ngapi. Nunu hana kambi. Hana delege wa kumusemea. Akipandisha sauti, ni yeye na Madamu mu jikoni, na mulango uko karibu.

Mu kitabu kuko nunu mwengine anaitwa Sima, mama wa San Salvador. Kule kwao alikuwa enjenyeri. Bwana yake hakupata karatasi za kuikala Marekani, akarudi na batoto. Sima akabaki New York kulela batoto ba wengine, bake anawaona mara chache. Waandishi wanamupa kurasa kidogo tu, na mimi naona hapo njo kosa la kitabu. Nan ni muzungu, iko na wazazi wenye masomo na diplome karibu mu mukono. Yeye anaweza kutoka na kucheka kisha. Sima hawezi. Na mu New York banunu wengi wanafanana na Sima kuliko Nan: wanatoka visiwa vya Caribbean, Amerika ya Kusini, Filipino, na Afrika pia.

Kitu kitabu hakikuonyesha ni hiki: wakati ule ule banunu walikuwa wanaanza kuungana. Mwaka 2000 ilianzishwa Domestic Workers United, chama cha watumishi wa nyumbani wa New York. Walitafuta wenzao palepale parke, ku vibembea vya batoto, sababu kule njo nunu anakutana na nunu mwengine bila Madamu kusikia. Lile parke likawa kambi yao. Kazi ilikuwa nguvu, juu sheria kubwa ya Marekani ya 1935 yenye kulinda sendika iliwaacha inje watumishi wa nyumbani. Walipiganisha miaka mingi, na mwaka 2010 jimbo la New York likakubali sheria yao: masaa yakipita 40 kwa juma (44 kwa mwenye kulala ku nyumba ya patroni) inalipwa zaidi, siku moja ya kupumuzika kila juma, na siku tatu za konje yenye kulipwa kwa mwaka, kisha mwaka wa kwanza wa kazi. Si mingi. Lakini Caitlin alipoteza kazi kwa kulomba juma moja tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 2011, ku Geneva, shirika la kazi la dunia, BIT, lilipitisha mapatano namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani. Inasema mutumishi ajulishwe wazi masaa na mushahara, apate pumuziko ya masaa 24 mfululizo kila juma, na karatasi zake za kitambulisho zibaki mu mukono wake.

Sasa turudi mu kambi. Babinti betu wanaenda Lubumbashi na Kolwezi kulela batoto mu nyumba za wakubwa. Mbele binti hajapanda gari, wazazi muulize patroni mambo haya, na yaandikwe ku karatasi: saa ya kuanza na ya kuisha, siku gani ya kupumuzika, mushahara ngapi na tarehe gani, akigonjwa nani analipa dawa, franga ya transporti inatoka wapi. Patroni akikasirika juu ya ulizo, mumeisha kupata jibu.

Na ulizo la mwisho ni letu wenyewe. Mu lupango nyingi za watumishi wa mugodi kuko kasichana kalitoka ku muji mudogo, tunakaita mutoto wa ndugu. Kanaamuka mbele ya wote, kanalala kisha wote, masomo kaliacha. Sisi tunasimama ku mulango wa kampuni, tunalia juu ya masaa ya kuongeza isiyolipwa, na hiyo ni haki yetu. Lakini tukirudi nyumbani, nani anahesabu masaa yake? Jumapili hii, mbele ya mukutano wa sendika, baba na mama mukale naye chini. Mumuulize mwezi uliopita alipata ngapi, na siku gani alipumuzika. Kisha muandike.