“Singeli Zote Si Ndiyo Hiyohiyo!” Hivi Kweli?

Kama unaishi na mtu aliyekuzidi miaka kumi, au wewe ndiye uliyemzidi, kauli hii umeshaisikia: “Ah, mbona nyimbo zenu zote ni ileile?” Kijana akiambiwa hivyo kuhusu singeli ananuna. Mzee akiambiwa hivyo kuhusu dansi anaona ametukanwa. Mimi ni mtoto wa Manzese, mahali ambapo muziki haukusubiri uuchague, unakuja wenyewe dirishani, na nimeolewa na mtu wa Msondo. Kwa hiyo mada hii kwangu ni ya sebuleni kabisa.

Ilifika sebuleni hivi. Mdogo wangu wa kiume tunaishi naye, na anaimba singeli. Siku moja aliomba tumchangie hela ya studio. Mume wangu si bahili, lakini jibu lake lilikuwa hili: “Shemeji, nitoe hela ukarekodi wimbo ambao tayari upo? Hizi zote si moja?” Dogo aliinuka akaacha ugali mezani. Siku tatu nyumba ilikuwa kimya, salamu zinapitia kwangu kama mimi ni posta.

Sikinde na Msondo je?

Nilimjibu mume wangu kwa muziki wake mwenyewe. Mpigie wimbo wa Mlimani Park, wana Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978, kisha mpigie wa Msondo Ngoma, iliyozaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, magitaa yakilia tu, anakutajia bendi. Na cha ajabu, wanamuziki walikuwa wanahama! Marehemu Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa, akapitia Orchestra Safari Sound, mwishowe akarudi Msondo. Sauti ni ileile lakini bendi tofauti, na mashabiki hawachanganyi ng’o.

Sasa muite dogo umpigie nyimbo hizohizo. Atakwambia bila haya: “Dada, zote za wazee. Magitaa, tarumbeta, halafu haziishi.” Umeona? Hao wawili wanaoshindwa kusalimiana wana ugonjwa mmoja.

Sikio linashika ugeni kwanza

Kinachotokea ni hiki. Muziki ukiwa mgeni kwako, sikio linadaka kile kilichokushtua, na hicho ndicho nyimbo zote za aina hiyo zinachoshirikiana. Kwenye singeli ni kasi. Bongo fleva nyingi zinatembea kwenye mapigo kama 100 kwa dakika. Singeli inakimbia kati ya 200 na 300! Aliyezoea dansi akikutana na kasi hiyo, masikio yanajaa, hayabakizi nafasi ya kitu kingine. Ni kama kusikiliza watu wakiongea lugha usiyoijua: husikii maneno, unasikia mvumo mmoja tu. Wao wanataniana, wanatongozana, wanadaiana, wewe unasema “wanapiga kelele”.

Mtu akishaizoea kasi ndipo anaanza kusikia vilivyomo. Kuna kinanda kilichorithiwa kwenye mchiriku, muziki wa Uswahilini uliochota kwenye ngoma za Wazaramo. Kuna vipande vya taarab vilivyokimbizwa mpaka mwenyewe asivitambue. Kuna harufu ya vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Na kila mtu anapika chungu chake. Msaga Sumu, anayeitwa mfalme wa singeli, anabeba wimbo kwa maneno. Man Fongo aliposhika nchi mwaka 2016 na “Hainaga Ushemeji”, kibwagizo ndicho kilichofanya kazi, mpaka watoto wa chekechea wakawa nacho. Sholo Mwamba alikutana na Profesa Jay wa bongo fleva kwenye “Kazi Kazi”, na ikakaa.

Halafu njoo Mburahati, jirani zetu hapa, kwenye studio ya Sisso. Huko watu kama Jay Mitta na Bamba Pana wanatengeneza midundo inayosimama yenyewe, hata bila mwimbaji. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa “Sounds of Sisso”, na Wazungu wasiojua hata “mambo” wakaucheza. Wao wanasikia biti. Mama wa Manzese anasikia kwanza nani kasemwa. Wimbo mmoja, masikio mawili!

Tuwe wakweli lakini. Zipo singeli zinazofanana kwa sababu biti imerudiwa na mtu alitaka kutoka haraka. Lakini hata kwenye dansi, taarab na kwaya zipo hizo. Na aina yoyote ya muziki lazima ifanane kidogo, la sivyo isingekuwa na jina.

Si muziki tu, jamani

Kwa nini nalishikia bango? Kwa sababu “zote ni moja” ina ndugu yake: “wote ni walewale”. Sisi wa Manzese tunamjua vizuri. Ukitaja unakotoka mtu anashika mkoba wake, eti watoto wa Manzese wote wahuni. Hajui nani anauza mitumba pale Darajani asomeshe wadogo zake, nani mwalimu, nani kweli mhuni. Kijana anapoambiwa muziki wake ni kelele moja, anachosikia ni kwamba yeye mwenyewe hana jina.

Ufanyeje sasa?

Usijilazimishe kupenda, hilo si deni. Lakini kama unampenda mtu, jaribu haya. Mwombe akuchagulie nyimbo mbili tu anazoona ni tofauti kabisa, siyo ishirini. Zirudie mpaka kasi iache kukushtua. Fuata kitu kimoja, kinanda au mtu anayeimba, mwanzo hadi mwisho. Ukipotea, uliza: “Hapa kasema nini?” Swali hilo peke yake linaweza kurudisha salamu ndani ya nyumba.

Kwetu lilirudisha. Jumapili moja dogo alipiga mbili zake, na mume wangu akapiga mbili zake. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Hela ya studio ilitoka baada ya mwezi, nusu yake, nusu nyingine dogo akatafuta mwenyewe. Lakini kilichonifurahisha ni pale mume wangu alipomwambia: “Ile ya kwanza nzuri. Hii ya pili shemeji, mbaya!”

Dogo alicheka, hakununa. Maana anayesema zote mbaya hajasikia hata moja. Anayeweza kukwambia ipi mbaya, huyo ameshakusikiliza.