Daktari Asiyetoa Dawa: Jinsi Mhandisi Apatavyo Shahada ya Juu Kabisa



Hapa kwetu Kanazi, mtu akitajwa kuwa ni Daktari Fulani, jambo la kwanza watu waulizalo ni hospitali gani afanyako kazi, na la pili ni kumletea mtoto mwenye homa. Akijibu kwamba yeye si daktari wa dawa, bali ni daktari wa uhandisi, wazee hutazamana. Wengine hudhani amefukuzwa katika kazi ya uganga, na wengine hudhani kazi yake ni kutibu magari. Leo nataka kuwaeleza daktari wa namna hiyo ni mtu gani, hupita njia gani mpaka kulipata jina hilo, na ana faida gani kwa watu wanaolala katika nyumba za matofali katikati ya migomba.

Kwanza neno lenyewe. Daktari ni neno lililotoka katika Kilatini, na asili yake ni kufundisha. Hapo kale huko Ulaya, daktari alikuwa mtu aliyekubaliwa na wakubwa wa chuo kwamba elimu yake yatosha kuwafundisha wengine. Waganga walizoea kuitwa hivyo baadaye. Sisi walimu, ijapokuwa hakuna atuitaye daktari, hufurahi kidogo tukiikumbuka asili hiyo. Siku hizi kwa Kiswahili shahada hii huitwa shahada ya uzamivu, jina linalotokana na kuzama, nami sioni jina lililo bora kuliko hilo kwa watu wa ziwani. Mvuvi aliyetupa wavu juu ya maji na mtu aliyezama mpaka akagusa tope la chini hawawezi kuleta habari moja.

Basi tofauti ya shahada hii na zile zilizoitangulia ni ipi? Katika shahada ya kwanza ya uhandisi, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4, kijana hujifunza mambo yaliyokwisha kujulikana: jinsi ya kupima nguvu ya boriti, jinsi ya kupeleka maji mlimani, jinsi umeme unavyopita katika waya. Katika shahada ya pili, iitwayo ya uzamili, hujifunza sehemu moja ya mambo hayo kwa undani zaidi, tena hufanya uchunguzi mdogo. Lakini katika shahada ya tatu haulizwi tena, “Umejifunza nini?” Huulizwa, “Umetuletea nini ambacho hatukuwa nacho?” Ni sharti alete elimu mpya, japo ndogo kama punje ya ulezi, tena aithibitishe. Mambo mengine yote nitakayoyaeleza ni njia tu za kulitimiza sharti hilo moja.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano wa jambo tulijualo sote. Tarehe 10 Septemba, 2016, mchana, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, na maelfu ya nyumba zilianguka au zilipata nyufa. Shule za Ihungo na Nyakato, zilizowalea watu wengi wa nchi hii, ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Tetemeko lenyewe haliui watu wengi. Kinachoua ni ukuta. Hilo ndilo linalolifanya jambo hili kuwa la wahandisi.

Sasa tumfikirie binti mmoja mwenye shahada zake mbili anayetaka kulichunguza jambo hilo apate udaktari. Hawezi kwenda chuoni akasema, “Nataka kuchunguza matetemeko.” Wataalamu watamrudisha mlangoni, maana huo ni mzigo wa watu elfu. Hawezi pia kusema, “Nitaonyesha kwamba mkanda wa zege lenye nondo, ukizungushwa juu ya kuta, huzuia nyumba isibomoke,” kwani hilo lajulikana tangu zamani katika nchi zenye matetemeko. Hana budi kutafuta mahali ambapo elimu ya watu imekomea. Pengine atauliza: matofali haya yachomwayo vijijini kwetu kwa kuni, yaliyounganishwa kwa udongo huu wetu, huvumilia mtikisiko kiasi gani kabla ya kupasuka? Na mtu ambaye hana fedha za zege afunge ukuta wake kwa kitu gani cha bei ndogo? Hapo sasa pana swali. Watu wengi hudhani kulijibu swali ndiyo kazi iliyo ngumu. Waliopita njia hiyo husema kwamba kulipata swali lenyewe kwaweza kula mwaka mzima.

Akiisha kulipata, humtafuta msimamizi, yaani mwalimu wa chuo kikuu aliye bingwa wa mambo hayo, na mara nyingi huwa na wasimamizi wawili. Msimamizi si mwalimu wa darasani. Yeye ni kama fundi mkuu anayemwachia mwanagenzi seremala ubao na randa, kisha huja jioni kuipima kazi kwa jicho kali. Mwanafunzi huandika andiko la kueleza swali lake, waliotangulia walisema nini, atapima kwa vyombo gani, na gharama zitatoka wapi. Hulitetea mbele ya baraza la walimu, nao humwuliza maswali mengi, wakati mwingine kwa ukali. Wengi huambiwa waende wakaandike tena, wala si aibu.

Ndipo kazi yenyewe inapoanza. Binti wetu atakuja Kanazi na kupita nyumba kwa nyumba, akiisha kuwaomba ruhusa wakubwa wa serikali na wenye nyumba, maana siku hizi hairuhusiwi kuwachunguza watu na mali zao pasipo ridhaa yao. Atachukua matofali na udongo apeleke maabara, ayaponde kwa mashine, aandike kila tofali lilipasuka kwa uzito gani. Atajenga vipande vya ukuta na kuvitikisa juu ya meza maalumu iigizayo tetemeko. Na kama chuo chake hakina meza hiyo, itambidi aombe nafasi katika chuo cha nchi nyingine. Atafanya hesabu nyingi kwa kompyuta. Ukuta mmoja ukikataa kufanya kama alivyotabiri, hana ruhusa ya kuufichaficha. Huuandika vilevile. Mwenye kuficha matokeo katika uhandisi ni sawa na mwenye kuficha ufa kwa chokaa.

Labda mtu atasema kwamba elimu mpya ni mambo ya Ulaya, na kwetu Buhaya hakuna la kugundua. Namjibu hivi. Katika mwaka wa 1969 na 1970 alikuja hapa kijana Mmarekani, Peter Schmidt, mwanafunzi wa mambo ya kale. Alikaa na wazee akisikiliza masimulizi yao, kisha akachimba huko Katuruka, mahali ambapo masimulizi yapahusisha na Mkama Rugomora Mahe. Kwa kazi hiyo chuo kikuu cha Northwestern kilimpa udaktari mwaka wa 1974. Shahada yake haikuwa ya uhandisi, lakini alichokikuta kiliwavuta wahandisi: mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, ya tangu karne nyingi sana. Hata hapa jirani, Kemondo, yalifukuliwa matanuri ya namna hiyo.

Akashirikiana na Donald Avery, profesa wa uhandisi wa chuo kikuu cha Brown. Mwaka wa 1976 waliwaomba wazee wa Kihaya, waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani, wajenge tanuru tena na kuyeyusha chuma kama zamani. Wazee walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, na majaribio ya kwanza yaliwashinda. Lakini hatimaye chuma kikatoka. Mwaka wa 1978 Schmidt na Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa Buhaya, miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita, walikuwa wakiingiza mirija ya udongo ya mivukuto mpaka ndani ya tanuru, hata upepo ukapata moto kabla ya kuyafikia makaa, na hivyo joto likazidi sana. Ni werevu ambao huko Ulaya ulikuja kutumika viwandani katika karne ya 19.

Je, wataalamu wote walikubali na kupiga makofi? La. Wengine walitokea wakasema kwamba mirija hiyo haiwezi kuupasha upepo moto kiasi hicho, wakatoa hesabu zao. Wenye hoja wakajibu. Ubishi ukaendelea kwa miaka. Mtu asiyezoea atadhani huo ni uadui. Lakini hivyo ndivyo elimu inavyochujwa, kama lubisi inavyochujwa kabla ya kunyweka. Anayetaka udaktari ni lazima ajizoeze mapema kupingwa na watu wenye akili, kwa maana mwisho wa safari yake ni kupingwa rasmi.

Mwisho huo ni hivi. Mwanafunzi huandika kitabu cha kazi yake yote, kiitwacho tasnifu, mara nyingi chenye kurasa mia mbili au zaidi. Vyuo vingi sasa vyataka pia kwamba kabla ya kukileta awe amekwisha kutoa makala katika majarida ya wataalamu, ili kazi yake iwe imepitiwa na macho ya watu wasiomjua. Kitabu hupelekwa kwa watahini, wengine wa chuo chake na walau mmoja wa chuo kingine, asiye na sababu ya kumpendelea. Baadaye huitwa kukitetea kwa mdomo. Atasimama aeleze, kisha aulizwe: Kwa nini ulipima hivi, hukupima vile? Namba hii ya ukurasa wa 84 umeitoa wapi? Kuta zako za maabara zafanana kweli na ukuta wa mjane wa Kanazi? Msimamizi hawezi kumjibia. Walio wengi hupewa masahihisho ya kufanya, na wakiisha kuyatimiza ndipo hupewa shahada.

Muda wake? Chuoni hutajwa miaka 3 au 4, lakini ni wachache wamalizao hapo. Wengi huchukua 5 au 6. Ukijumlisha tangu darasa la kwanza, kwa mpango wa miaka 7 ya shule ya msingi waliousomea walio wengi, haipungui miaka 22. Kwa maoni yangu wengi wanaokwama hawakwamishwi na ugumu wa hesabu. Hukwamishwa na ada, na chombo cha maabara kilichoharibika kikakosa fundi, na upweke. Maana darasani mlikuwa wengi, lakini chini ya ziwa kila mtu huzama peke yake. Jamaa zake nao humwuliza kila Krismasi, “Hujamaliza tu?” Ndugu wasikilizaji, mkiwa na mtoto aliye katika safari hiyo, msimwulize hivyo.

Zamani kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi ilimlazimu kuvuka mpaka kwenda Nairobi, au kwenda ng'ambo. Mwaka wa 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha uhandisi, na leo udaktari wa uhandisi hupatikana huko. Huko Arusha pia, Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliwekwa kwa ajili ya shahada za juu. Mmoja wa walimu wake, Askwar Hilonga, aliyepata udaktari Korea Kusini, alitengeneza chujio la maji litumialo mchanga pamoja na chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, nalo likampatia mwaka wa 2015 tuzo ya uvumbuzi wa uhandisi kwa Afrika, itolewayo na chuo cha wahandisi mabingwa cha Uingereza. Watu wanywao maji ya mto wenye kichocho hawakuuliza chembe hizo zaitwaje. Waliuliza kama maji ni salama.

Lipo jambo moja ambalo watu wengi hulichanganya, nami sipendi niliache. Udaktari haumpi mtu ruhusa ya kujenga daraja. Ruhusa hiyo, Tanzania, hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 1997; nayo humtaka mwenye shahada ya kwanza afanye kazi kwa muda, kwa kawaida miaka 3, chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kumwandika kuwa mhandisi mtaalamu. Basi yupo mhandisi hodari aliyesajiliwa asiye na udaktari, na yupo daktari wa uhandisi asiyeweza kutia sahihi mchoro wa ghorofa. Mkijenga shule ya kijiji, mwulizeni mjenzi hati ya bodi, msiulize anaitwa nani.

Na wanafunzi walioniuliza waanzie wapi, jibu ni fupi: hesabu, fizikia na kemia, hata kidato cha sita, wala wasidharau lugha, kwa kuwa tasnifu huandikwa kwa maneno. Na atakayekuwa karibu na Kemondo siku ya mapumziko aende akawaulize wazee habari za matanuri, angali yupo awezaye kumsimulia aliyoyasikia kwa baba yake.